Kielelezo Namba Mbili

Nchi hii ilikuwapo na bado ipo. Jina lake silisemi, kwa sababu kulitaja bila kibali ni kosa, na ofisi inayotoa kibali nayo haitajwi. Mimi ni karani wa mahakama. Niliajiriwa kuandika yanayosemwa, si kuyaelewa, na kazi hiyo nimeifanya kwa uaminifu kwa miaka kumi na tisa.

Kwa faida ya wageni, naeleza kwanza jinsi haki yetu inavyofanya kazi. Nasikia kwingine kesi husikilizwa. Kwetu kesi hutajwa. Mwendesha mashitaka anasimama, anakohoa, anasema, "Mheshimiwa, kesi imekuja kwa ajili ya kutajwa, upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine." Hakimu anatoa tarehe nyingine. Watu wanasimama, wanainamisha vichwa, wanarudi makwao. Ni utaratibu safi sana. Hakuna anayeweza kulalamika kwamba alisikilizwa vibaya.

Kesi iliyotajwa kuliko zote ni ya Bi Siwema Kinyogori, mshona kofia za mkono, dhidi ya Kampuni ya Nuru Njema, watengenezaji wa dawa ya macho. Kampuni ilifika mtaani kwao na maturubai na muziki, ikawadondoshea watu matone ya bure, ikawapiga picha wakitabasamu. Bi Siwema alitabasamu vizuri kuliko wote, na picha yake ipo mpaka leo kwenye kalenda ya kampuni, mwezi wa Aprili. Haikupita wiki, jicho lake la kulia likafa. La kushoto likabaki na mwanga mdogo tu, wa kumwonyesha dirisha liko wapi.

Daktari wa Hospitali Kuu alisema jicho la kushoto linaweza kupona likipasuliwa kabla ule mwanga haujazimika. Akamtengea na kitanda. Lakini Jamhuri yetu iko macho. Mwendesha mashitaka alikuwa ameshayasajili macho yote mawili kuwa vielelezo, la kulia namba moja, la kushoto namba mbili, na kielelezo hakiguswi mpaka kesi isikilizwe. Kukitibu ni kuharibu ushahidi. Lebo zenye jina lake na namba nilizifunga mwenyewe kwa uzi mwembamba, kwenye miwani yake myeusi, moja kila upande.

"Sasa mwanangu," Bi Siwema aliniuliza nikiwa nakaza ule uzi, "likipofuka kabisa kabla hatujasikilizwa?"

"Litakuwa ushahidi mzuri zaidi, mama," nikamjibu, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa.

Alinishika mkono akaupapasa, labda apate kujua ni mkono wa mtu wa namna gani.

Kesi ikatajwa mara arobaini na moja. Msidhani mpelelezi alikaa bure. Aliiandikia kampuni barua ya kuomba ruhusa ya kuipeleleza. Kampuni ikamjibu kwa kalenda. Akaandika tena kwa lugha kali, akapata kalenda ya mwaka uliofuata, ya ukutani, yenye kamba. Na kila kesi ilipokwisha kutajwa, Bi Siwema alipokuwa akipapasa benchi atafute fimbo yake, zilisikika sauti mbili nyuma ya ukuta wa mahakama: psss, psss. Siku moja aliniuliza ni nini. Nikamwambia ni taratibu za mahakama.

*

Basi wananchi wakaanza kunung'unika kwamba hawaioni haki. Manung'uniko yakamfikia Mheshimiwa Kipukuswa Tandawala, Waziri wa Sheria, Haki na Burudani. Hizo zilikuwa wizara tatu, zikaunganishwa baada ya kugundulika kwamba zote zinamngoja dereva mmoja. Mheshimiwa akafika uwanjani kwetu, akampa mkono Bi Siwema mbele ya kamera, kisha akahutubia.

"Ndugu wananchi! Serikali yenu ni sikivu, tena inaona mbali. Suala la mama huyu hatutalifumbia macho hata kidogo!"

Bi Siwema alikuwa ameelekeza uso kwa dereva, akidhani ndiye anayesema.

"Mnasema hamuioni haki. Mna hoja! Haki ipo, tena ipo ya kutosha, ila imekaa ndani ya mafaili. Kwa hiyo nimeelekeza iletwe filamu kutoka nje, filamu ya kesi, kesi ya kampuni, ili kila mmoja wenu aione haki kwa macho yake mwenyewe. Na mtajionea kwamba hata huko kwa wenzetu wenye theluji na lifti, kesi haikimbizwi! Mchakato unaendelea!"

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga mengi kuliko wengine, niko daraja la tatu na nilikuwa nataka la pili.

Filamu yenyewe, ya wakili anayesoma masanduku ya karatasi moja baada ya jingine, iliitwa Sanduku la Kumi na Nne, na urefu wake ulikuwa saa tatu na dakika hamsini. Ilipelekwa kwanza kwenye Bodi ya Kukagua Maadili, ambako wajumbe watano waliitazama kwa pamoja na kuamshwa kwa pamoja. Taarifa yao ninayo: "Filamu haina matusi, haina ngumi, haina mabusu, haina kitu. Inafaa kwa umma." Hakuna mjumbe aliyevuka sanduku la pili. Mfadhili wa onyesho akawa Kampuni ya Nuru Njema, kwa vile mkurugenzi wake, Bwana Hilali Shekidele, alisikia kwamba mhusika mkuu ni mkurugenzi wa kampuni, akaona ni heshima.

Onyesho lilifanyika Jumamosi asubuhi ndani ya chumba cha mahakama, ambacho hakikuwa na kazi nyingine. Ili kupata giza, madirisha yalizibwa kwa kalenda za kampuni zilizofunuliwa mwezi wa Aprili, hata Bi Siwema akawa anatabasamu kila upande, mara sitini na zaidi. Shuka jeupe likatundikwa kwenye kizimba cha mshitakiwa, maana ndipo palipokuwa na misumari. Waziri akakaa mbele. Bwana Shekidele akakaa karibu naye. Hakimu Zongo akapanda akakalia kiti chake cha kila siku, kwa sababu ndicho pekee chenye mto.

Hapo ndipo nilipofanya lililo wajibu wangu. Hakimu akishakalia kile kiti, karani hupaza sauti "Kooorti!" na watu husimama. Nikapaza. Wakasimama. Na kanuni ya kumi na mbili inasema wazi kwamba hakimu akishaketi na korti ikishaitwa, kila neno litakalosemwa chumbani litaandikwa kwenye mwenendo wa kesi iliyo mezani. Juu ya meza palikuwa na faili la Bi Siwema, kama siku zote. Nikalifungua, nikaandika tarehe.

Mtafsiri wetu alikuwa Kopoko, bingwa wa mabanda ya video, kijana mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Kazi yake ni kutafsiri filamu za ngumi kwa kipaza sauti, na kama desturi ya watafsiri wote, huwapa wazungu na wachina majina ya hapa hapa, watu waelewe nani kampiga nani. Lakini anayetafsiri mahakamani sharti aape. Nikamletea kiapo.

"Braza, mi natafsiri muvi tu," alisema. "Kiapo cha nini tena?"

"Ni utaratibu."

Akaapa kwamba atatafsiri kweli tupu. Nikaandika: Mkalimani ameapishwa.

*

Kwa kweli sijawahi kuona filamu iliyokwenda polepole kiasi kile. Nimetaja kesi miaka kumi na tisa, naujua mwendo wa kobe, lakini ule ulinishinda.

"Oyaa, steringi wetu, wakili, huyo anaingia ofisini!" Kopoko alianza kwa mbwembwe. "Anavua koti. Anakaa. Anafungua sanduku la kwanza, anatoa karatasi. Anasoma." Kimya. "Anaendelea kusoma." Kimya kirefu. "Wazee, steringi kageuza ukurasa!"

Waziri alisinzia dakika ya kumi na nane. Bwana Shekidele alijitahidi mpaka sanduku la pili, kidevu kikamwangukia kwenye tai. Hakimu Zongo aliweka shavu kwenye kiganja na kwenda zake. Lilipofunguliwa sanduku la nne, ukumbi mzima ulikuwa ukikoroma, na mwendesha mashitaka ndiye aliyekoroma kwa sauti ya juu. Hao ndio watu waliokuwa wametuahidi kutolifumbia macho jambo lolote.

Kopoko naye alikuwa amechoka. Yale majina ya kigeni yalimsumbua ulimi. Akatupa macho ukumbini, akasoma bango la mfadhili na lebo za miwani, akarahisisha mambo. "Sasa sikilizeni. Huyu mnene mwenye tai, bosi wa kampuni, tumwite Shekidele. Hiki kitu chao cha kwenye kopo tukiite Nuru Njema. Na huyu mama anayelalamika tumwite Siwema, tusichanganyane."

Nikaandika yote kama yalivyosemwa.

Mtu mmoja tu hakusinzia. Bi Siwema hakuwa na cha kutazama, kwa hiyo alisikiliza. Alikaa wima kwenye benchi la mbele, mikono juu ya fimbo, na kila Kopoko alipokawia alimsukuma.

"Mwanangu, hilo la tisa lina nini?"

"Orodha za chai ya ofisini, mama."

"Haya, twende."

"Mama, si ulale kidogo? Hapa hamna kitu kabisa. Jamaa anasoma tu."

"Mimi sijawahi kupata mtu wa kunisomea mambo yangu," alisema Bi Siwema. "Wewe endelea."

Kopoko aliniangalia, akashusha kipaza sauti, akavuta stuli akaketi karibu naye. Kuanzia hapo akawa anamtafsiria yeye peke yake, taratibu, bila mbwembwe, na nakiri kwamba kalamu yangu ilianza kwenda bila kulazimishwa. Katika sanduku la kumi na nne, chini kabisa, steringi alipata kikaratasi alichoandika bosi kwa mkono wake kwenda kwa watu wa nyumbani kwake.

"Kinasema nini?" Bi Siwema aliuliza.

"Kinasema: Kopo hili lisitumike nyumbani kwangu. Limekusudiwa kuuzwa tu."

"Alaa!" alisema. "Kumbe alijua."

Akalia. Alilia kwa jicho la kielelezo namba moja na kwa jicho la kielelezo namba mbili, na lebo zikalowa. Sheria haisemi chochote kuhusu machozi ya kielelezo, kwa hiyo sikuyaandika. Nililala vibaya siku nyingi kwa ajili ya ile sauti yake, na mimi si mtu wa kulala vibaya.

Jaji wa kwenye filamu alisema kwa dakika kumi na moja. Kopoko akafupisha: "Anasema Shekidele na kampuni yake wana hatia. Nuru Njema yote iteketezwe. Bosi aende jela miaka saba na kazi ngumu. Na kila kielelezo kirudishwe kwa mwenyewe, leo leo." Kama kweli jaji alisema hayo ya vielelezo, siwezi kujua. Lugha ile siifahamu, na mkalimani alikuwa ameapa.

Shuka likabaki jeupe. Nikapaza sauti, "Kooorti!" Wote wakazinduka, wakasimama, wakapiga makofi.

"Filamu nzuri sana," alisema Waziri akijifuta mdomo. "Imetulia."

Hakimu Zongo akavuta mwenendo wa kesi, akasaini chini bila kusoma. Huwa hasomi. Nikagonga muhuri, nikampa Bi Siwema nakala yake kama kanuni inavyotaka, nikamsomea mara mbili nje penye vivuli vya magari, kisha nikakata ule uzi kwenye miwani yake. Aliikunja nakala akaitia kifuani, akamwambia Kopoko amshike mkono wakakamate usafiri wa kwenda Hospitali Kuu. Siku ya tatu yake alikuwa ameshapasuliwa.

Mtaniuliza kama nilijua ninachofanya. Mimi ni karani.

*

Serikali iligundua hukumu wiki tano baadaye. Ingegundua mapema, lakini wiki nne za kwanza faili lilikuwa halionekani, kama ilivyo kawaida. Baraza zima la Mawaziri likapiga kelele. Waziri akaja na kamati, kamati ikaja na maji ya chupa.

"Tuifute," alisema Waziri.

"Kwa sababu gani, Mheshimiwa?" aliuliza katibu wa kamati.

"Hakimu alikuwa amelala!"

Hakimu Zongo alisimama kwa hasira. "Mheshimiwa Waziri, hakimu wa nchi hii hajawahi kulala kitini. Hutafakari. Tukisema siku ile nililala, watu watauliza na siku nyingine."

Hakuna aliyetaka kuulizwa juu ya siku nyingine, maana hata wao walikuwa ukumbini. Ikabidi hukumu ibaki halali na ipatiwe tafsiri. Tafsiri iliyopatikana ilikuwa hii: aliyehukumiwa ni yule aliyekuwa kizimbani siku hiyo, na aliyekuwa kizimbani siku hiyo ni shuka. Askari wawili wakalikunja, wakalitia pingu kwenye pindo, wakalipeleka gerezani kutumikia miaka saba na kazi ngumu. Nasikia limetandikwa kitandani kwa mkuu wa gereza. Kuhusu dawa, kampuni iliteketeza lebo zote za Nuru Njema mbele ya kamera, huku Bwana Shekidele akitoa machozi ya moshi, kisha chupa zile zile zikavishwa lebo za Mwanga Mwema na kurudi kwenye zahanati. Waziri akatangaza kwamba haki imeonekana.

*

Bi Siwema alirudi mahakamani miezi miwili baadaye kufungua kesi ya Mwanga Mwema, kwa niaba ya majirani zake watatu. Jicho la kushoto lilikuwa limepona. Alikuja bila fimbo, akaketi benchi lile lile la mbele. Kesi ikatajwa, upelelezi ulikuwa haujakamilika, tarehe ikatolewa.

Kisha zikasikika nyuma ya ukuta: psss, psss.

Bi Siwema akainuka, akaenda dirishani, akachungulia. Bwana Shekidele na mwendesha mashitaka walikuwa wamekaa kivulini kwenye kreti, kila mmoja na soda yake aliyoifungua sasa hivi, wakicheka. Alitazama mpaka soda zikaisha. Halafu akageuka, akasimama mbele ya meza, akamtazama Hakimu Zongo. Alimtazama tu kwa jicho lile moja, kuanzia wigi mpaka viatu, akarudi tena juu.

"Mama, mbona unaniangalia hivyo?" Hakimu aliuliza.

Akaendelea kumtazama. Akanitazama na mimi. Nilijikuta naficha mikono chini ya meza, mikono iliyofunga ule uzi.

"Mwendesha mashitaka aitwe!" Hakimu alifoka. "Huyu mama anaidharau mahakama kwa jicho!"

Mwendesha mashitaka akaja anajipangusa mdomo, akaenda dirishani kuona kinachoonekana kutoka pale, akarudi. Haikufika robo saa. "Mheshimiwa," alisema, "upelelezi umekamilika." Maneno hayo nilikuwa sijawahi kuyaandika tangu niajiriwe, ikabidi nimwombe ayarudie. Na kesi ile ya dharau ikasikilizwa palepale, mwanzo hadi mwisho, hakimu akiwa macho kabisa. Kwa hiyo inawezekana. Miaka yote ile iliwezekana, mbwa hawa, wakawa wanampa mama wa watu tarehe.

"Mshitakiwa," alisema Hakimu Zongo, "ni kweli unaidharau mahakama hii?"

"Mheshimiwa, nilikuwa siioni," alisema Bi Siwema. "Sasa naiona."

Hakimu alivimba shingo, akatamka hukumu kwa sauti ambayo hata askari wa mlangoni alisikia: jicho la mshitakiwa lirudishwe kuwa kielelezo namba mbili, lifungwe bandeji kuanzia leo, lisiguswe wala lisitibiwe mpaka rufaa itakapotajwa. Halafu akaniambia, "Karani, andika."

Nikaichukua kalamu. Bandeji ya miaka mingapi, alikuwa hajasema, na nilijua rufaa zetu zinavyotajwa. Nilimwona Bi Siwema ameyakaza macho, lile lililokufa na lile zima, kwenye mkono wangu. Safari hii hakuhitaji kuupapasa.

Nikaandika: Mahakama imemwona mshitakiwa hana hatia. Jicho ni mali yake. Aende nalo atakako, amtazame amtakaye.

Nikausogeza mwenendo wa kesi mezani. Hakimu Zongo akasaini bila kusoma, nami nikagonga muhuri.